Siku Tuliyotua Katika Mpunga wa Bi Time

Nimestaafu mwezi uliopita, na kabla sijakaa sawasawa kwenye baraza yangu, vijana wa kazini wakaja kunitaka niwaandikie lolote la kuwafaa. Nikawaambia mimi si mtu wa kalamu. Wakasema, "Kapteni, andika hivyo hivyo unavyosema." Basi nimeandika. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na mshahara wangu ulikuwa kiasi gani, akaulize ofisini, maana wao ndio waliokuwa wakiyahesabu hayo. Mimi nitasema habari za makonde. Rubani husifiwa kwa kuijua mbingu, lakini siku injini ikinyamaza mbingu haina msaada wowote. Kinachotakiwa siku hiyo ni konde la mtu, na huyo mtu mwenyewe.

Mimi mtoto wa Makangale, kaskazini ya Pemba, kule penye msitu. Nilipelekwa masomoni Ulaya ya mashariki nikiwa kijana mwenye koti la kuazima. Nilitarajia siku ya kwanza nitapewa ndege yenye taa na saa za kila namna. Wakatupeleka kwenye kiwanja cha majani, tukakuta kitu chembamba chenye mabawa marefu, hakina injini wala pahala pa kuitia. Nikamuuliza mwenzangu, "Hii injini yake imeibiwa?" Kumbe ndivyo ilivyoundwa. Ndege ile huvutwa juu kwa waya mrefu unaozungushwa na mashine, ikishafika juu waya unaachiwa, na kutoka hapo ni wewe na upepo wako. Sisi tuliotoka pwani tukaiita tiara, kama ile tuliyokuwa tukirusha utotoni kwa uzi.

Mwalimu wetu alikuwa akiitwa Anton, mtu mzima mwenye masharubu yaliyogeuka manjano kwa tumbaku. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akikaa kiti cha nyuma, na kila baada ya muda anakugonga begani, anauliza, "Konde lako liko wapi?" Ni lazima umwonyeshe kwa kidole, papo hapo, konde ambalo ungetua lau upepo ungekukatikia wakati ule. Ukisitasita anakuteremsha, na siku hiyo huruki tena. Nilimchukia miezi mingi. Leo hii nikipanda hata gari la kwenda Wete, macho yangu yanatafuta konde.

Alitufundisha kusoma ardhi kama watoto wanavyofundishwa juzuu, kidogo kidogo na kwa kurudiarudia. Kijani kilichokolea maana yake mazao marefu, yatakushika magurudumu. Ukiona nguzo, jua pana waya hata kama waya wenyewe huuoni. Tua kwa kufuata matuta, usiyakate. Moshi wa jiko la mtu utakwambia upepo unatoka wapi. Kondoo si kitu, lakini ng'ombe ni wabaya, kwa sababu ukishatua wanakuja kulamba mabawa, na ulimi wa ng'ombe unachuna rangi. Hilo nilidhani anatutania mpaka nilipolambiwa. Na la mwisho, alilolirudia kuliko yote: tiara haina sauti. Aliye chini hajui kama unakuja. Ni juu yako wewe kumwona, yeye hana namna ya kukuona.

Mara ya kwanza kutua kondeni peke yangu ilikuwa katika shayiri ya watu. Upepo ulinikatikia mbali na kiwanja, nikashuka, nikasimama salama katikati ya shayiri iliyonifika kiunoni, nikakaa ndani nikingoja kutukanwa. Akaja bwana shamba na mkewe. Walinitazama, wakatazamana, mke akarudi nyumbani, akaleta supu. Supu yenyewe ilikuwa na nyama isiyonihalalikia, nikala mkate. Anton alipofika na gari la kukokota, hakuitazama ndege. Alikwenda moja kwa moja kwa yule bwana, akavua kofia, akasimama mbele yake kama mwanafunzi. Baadaye akaniambia, "Ndege yetu, lakini shayiri yake, na shayiri ndiyo iliyotangulia hapa." Mengi ya darasani nimeyasahau, hilo sikulisahau.

Nilirudi nyumbani nikawa rubani wa ndege ndogo za injini moja, Unguja, Pemba na Tanga, miaka yangu yote iliyobaki. Tulibeba walimu, wafanyabiashara, wagonjwa, vifaranga vya kuku, magazeti ya jana. Wenzangu walidhani habari za tiara nimeziacha Ulaya. Kumbe siku zangu za mapumziko nilikuwa nikipanda baskeli, nazunguka mabonde ya Pemba, naongea na wenye mpunga. Nauliza maji yanaingia lini, yanatoka lini, wakishavuna wanapiga matuta ya viazi kuelekea upande gani. Rafiki zangu wa mnara wa kuongozea ndege wakinicheka: "Yakhe, wewe rubani au bwana shamba?" Nikawaambia, Pemba yote ni vilima, na vilima vyote ni mikarafuu. Pwani ni mikoko. Uwanja wa mpira una watoto na milingoti ya magoli. Utakapokosa injini hapa, umebaki na bonde la mpunga au bahari, na bahari haina mtu wa kukutoa.

Sasa nitawasimulia safari moja tu. Nyingine zote zilifika.

Ilikuwa wakati mpunga umeshika, maji yamo majalubani, vile vitalu vya mpunga vyenye kingo, na kinamama wako mabondeni wakipalilia. Niliondoka Unguja na abiria mmoja hai na mmoja maiti. Maiti alikuwa bibi wa Vitongoji aliyefia hospitali huko Unguja. Hai alikuwa mwanawe Seif, mwalimu wa skuli, mtu mpole wa makamo. Viti tulikuwa tumevitoa, sanduku likafungwa mikanda nyuma, na Seif akakaa kando yangu.

Njiani alisema kidogo. Aliniambia mama yake alikuwa ameiweka sanda yake mwenyewe miaka mingi, kama wafanyavyo wazee wetu wa kike: ile nguo nyeupe imekunjwa ndani ya kasha pamoja na karafuu maiti, udi na pamba, ili siku ikifika watu wasihangaike. Alipougua akaichukua, akaenda nayo Unguja, akavikwa hiyo. Baba yake Seif, Mzee Khamis, alikuwa mkongwe, hakuweza kusafiri. Alimpigia simu mwanawe, akamwambia neno moja tu: "Nletee mama yako alivyo, safi, nimzike leo." Kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa. Watu walikuwa wanangoja waswali alasiri, kisha wamswalie maiti na kuzika.

Vijana, nyinyi mtabeba maiti wengi katika kazi hii. Wako wanaoona huo ni mzigo kama mizigo mingine, tena usiolalamika. Mimi nilikuwa nikiona kwamba nikishaupokea mwili, nimekuwa mmoja wa waliotia bega chini ya jeneza. Huwezi kuuweka njiani ukaenda zako.

Tulikuwa tumekwisha kipita Kisiwa Panza, tumeingia juu ya Pemba yenyewe, injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikanyamaza. Baadaye wakaguzi walikuta bomba la mafuta limepasuka, na mafuta yalikuwa yakimwagika muda mrefu pasipo sisi kujua. Wakati ule mimi nilijua jambo moja tu, kwamba ndege yangu imegeuka tiara, tena tiara mbaya, nzito, yenye mabawa mafupi.

Seif akaniuliza, "Kapteni, mbona kimya?"

Nikamwambia, "Injini imezimika. Tunatua. Kaza mkanda, vua miwani."

Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaanza kusoma shahada kwa sauti ndogo. Kisha akageuka nyuma akalitazama lile sanduku, akanyoosha mkono kuligusa, mkono haukufika.

Mimi nilikwisha peleka ndege kwenye konde. Nililijua bonde lile kwa miguu yangu, refu, limelala kaskazini na kusini, lina majaluba yaliyonyooka na jaluba moja pana katikati. Moshi wa tanuri la chokaa ulinionyesha upepo. Nikafunga mafuta, nikazima umeme, nikamwambia Seif afungue mlango wa upande wake kidogo atie kiatu chake pale, maana ndege ikipinda mlango hukwama, na ndani ya maji ya mpunga mtu hufa akiwa na kina cha magotini. Hilo la kiatu liandikeni mahali mtakapoliona.

Kinamama walikuwa wameinama majalubani, migongo juu. Hawakuinua vichwa. Hapakuwa na sauti ya kuwainua vichwa. Nikafungua kidirisha nikatoa mdomo nje, nikapiga kelele kwa Kipemba cha kwetu Makangale, "Tokeniii! Tokeni majini!" Nasikia mpaka leo kule bondeni wanahadithia siku walipoitwa na mtu kutoka juu. Waliinuka, wakaona, wakatimka, kila mtu upande wake, na lile jaluba pana likabaki tupu mbele yangu. Nikashukuru Mungu. Ndege ikagusa maji kwa taratibu yake.

Wanaume watatu wakaja kutoka ng'ambo, upande wa mikarafuu. Inafaa muijue desturi ya kwetu. Mtu akianguka mkarafuu, hakuna anayesimama kutazama. Kila aliye karibu humkimbilia, mikono mbele, na mtoto wa Pemba hufundishwa hivyo tangu anapoanza kutambaa, kwa sababu msimu haupiti pasipo mtu kuanguka. Wale watu watatu waliona chombo kinaanguka, kina watu ndani. Wakafanya wanalolijua. Waliruka ukingo, wakaingia ndani ya jaluba, wakanijia usoni mikono imenyooshwa, kunipokea.

Nilikanyaga breki ya kushoto kwa nguvu zangu zote, niwakwepe. Ndege ikapinda, bawa likagonga ukingo wa jaluba, pua ikazama, mkia ukanyanyuka, tukapinduka. Wale watu watatu hawakuguswa hata unywele. Mpaka leo hawajui, wala mimi sijapata kuwaambia. Kwenye ripoti nilisema walikuwapo watu kondeni. Ningesema nini zaidi? Kwamba waliponza ndege kwa wema?

Kile kiatu kilifanya kazi yake, mlango haukukwama. Wale wale watatu walitutoa, wakituita majina yote ya Mwenyezi Mungu. Mimi nilivunjika mfupa wa mtulinga, hapa begani, Seif alikatwa kidogo paji la uso. Tuliposimama majini, maji yakiwa mekundu kwa tope na rangirangi juu kwa mafuta ya ndege, akatujia mama mmoja mwembamba, mtu mzima sana, kanga ameifunga kiunoni, jembe bado mkononi. Ndiye mwenye jaluba. Jina lake Bi Time.

"Mmo wangapi?" akauliza.

"Wawili hai," nikasema, "na maiti mmoja."

Akashika kifua. "Kafa sasa hivi?"

"Hapana Bi. Kafa jana Unguja. Mama yake huyu. Tulikuwa tunampeleka kwao Vitongoji kuzikwa."

Bi Time alimtazama Seif. Seif hakuwa nasi. Alikuwa amekwisha rudi kwenye ndege, ameingia mpaka mabegani, anavuta sanduku. Mikanda ilikuwa imekatika, sanduku limepasuka upande mmoja. Wanaume walimsaidia kulitoa, wakaliweka ukingoni, na hapo ndipo tulipoona. Maji ya tope yalikuwa yameingia ndani, na mafuta pamoja nayo. Ile sanda, iliyotunzwa kashani miaka yote, imegeuka rangi ya udongo na inanuka petroli kwa mbali. Seif alivua shati, akaanza kupangusa. Alipangusa pahala pale pale, shati nalo lina tope, na kila akipangusa anazidi kuchafua.

"Baba kanambia nimlete safi," alikuwa akisema. "Kanambia safi. Ntamwambia nini mie baba?"

Sijapata kujiona sina maana kama pale. Nilikuwa na leseni, nilikuwa na miaka ya angani, nimetua bondeni bila kuua mtu, na palikuwa hapana hata jambo moja katika yote niliyojifunza la kumfaa yule mtu.

Bi Time alipanda ukingoni, akamshika mkono Seif ule wenye shati, akautuliza. "Wata mwanangu," akamwambia. Wata kwetu ni acha. "Mwenzetu huyu ni mwanamke. Mwacheni kwetu sisi wanawake." Kisha akawageukia wale wanaume: "Na nyinyi mwatazama nini? Leteni mkeka." Kinamama wakavua kanga za mabegani, wakamfunika kwa kanga zao, rangi kumi na moja, na wanaume wakambeba juu ya mkeka mpaka nyumbani kwa Bi Time, juu kidogo ya bonde. Hakuna aliyeuliza habari za mpunga. Mimi nilipita pembeni mwa jaluba mtulinga ukinipwita, nikaona miche ilivyolala na mafuta yanavyosambaa juu ya maji, nikajua hiki ni chakula cha mwaka cha nyumba hii.

Tulikaa nje, wanaume, kwenye kiwanja. Mtu alinifunga mkono kwa kilemba. Mwingine alikwenda mbio msikitini kuchukua jeneza, mwingine akaenda barabarani kusimamisha gari. Mtu mmoja akasema duka lenye bafta ya sanda liko mbali, akifika mjini na kurudi jua litakuwa limeinama. Seif alisikia, akafunika uso.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Nikasikia sauti ya mwanamke kijana, Mize, bintiye Bi Time.

"Mama, hiyo siyo! Hiyo yako!"

"Yangu ndiyo."

"Si ile aliyokuletea mjomba? Aliyoikosha Zamzam?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Mama, hutopata tena nyingine ya hivyo."

"Mie n' hai, Mize," Bi Time akasema, wala hakuinua sauti. "Nitajihangaikia. Huyu hawezi kujihangaikia. Nipe mkasi."

Wenyeji wote pale nje walijua sanda ile ni nini kwake, nami nikaambiwa. Hakuwahi kujaaliwa kwenda Makka. Kaka yake alikwenda, akamchukulia bafta, akaikosha kwa maji ya Zamzam, akaianika huko huko, akamrudishia. Kwa mwanamke kama yule, aliyelima mpunga maisha yake yote, ile nguo ndiyo iliyokuwa hija yake. Seif alisimama, akaenda mlangoni, akasema kwa adabu, "Bi mkubwa, usifanye hivyo. Usiitoe yako. Nitatafuta."

Bi Time akamjibu kutoka ndani, "Kakae, mwanangu. Ishakatwa."

Ukatoka moshi wa udi kwenye dirisha. Walimwosha tena kwa maji ya kisima, wakamvika, wakamtia karafuu maiti ya Bi Time na marashi ya Bi Time. Alipotolewa kwenye jeneza la msikiti, alikuwa kama bibi aliyetengenezwa kwao, na watu wake. Watu wa bonde walimbeba mpaka barabara kuu wakipokezana, kila tuliyekutana naye njiani akiacha alilokuwa akifanya na kutia bega. Mimi bega langu halikuwa la kutia, nikawa natembea kando nikiitikia tahalili. Barabarani lilikuwako gari la karafuu, dereva amekwisha teremsha magunia yake yote majanini pasipo kuombwa.

Vitongoji tulifika watu wamekwisha swali alasiri, wamekaa tu. Walisikia habari za ndege, walidhani tumekufa wote. Mzee Khamis alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na kaburi, fimbo mapajani. Mwanawe alimbusu mkono. Mzee akainuka, akalijia jeneza, akafunua shuka ya juu, akagusa ile nguo kwa vidole viwili. Akainusa.

"Hii siyo sanda yake," akasema.

Seif akaanza kulia. Basi nikasema mimi. Nilimweleza yote, injini, bonde, mafuta, na yule mwanamke aliyetoa ya kwake. Mzee alinisikiliza akiwa ameshika ubavu wa jeneza. Nilipomaliza, akauliza, "Ameitoa mwenyewe, au mlimwomba?"

"Mwenyewe, Mzee. Tulimkataza."

Alirudisha ile shuka, akainyoosha vizuri. "Haya," akasema, "tumswalieni."

Tulizika jua bado liko juu ya minazi. Baada ya dua, Mzee Khamis akaniomba nimsindikize mpaka nyumbani, na mimi nikadhani anataka kunifunga mkono vizuri. Aliingia chumbani peke yake, akakaa huko. Akatoka na bahasha ya kitambaa, akaiweka mapajani mwangu.

"Hii yangu," akasema. "Tuliziweka pamoja, mie na yeye. Mpelekee yule mama. Asilale siku nyingi bila sanda yake, na umri wake."

"Na wewe, Mzee?"

"Mie nna watoto wa kiume watano na maduka yote haya. Itapatikana."

Hospitali walinifunga mtulinga. Siku ya pili nikateremka bondeni na ile bahasha. Nilikuta watu wa kijiji wameitoa ndege jalubani kwa kamba, kwa nyimbo za kuvutia chombo pwani, na uharibifu ulioanzwa na pua na bawa, wao waliukamilisha. Mkia ulikuwa umebaki jalubani. Wakaguzi walipofika walishika vichwa. Bi Time alikuwa ndani ya maji akiondoa mizizi iliyoungua kwa mafuta. Nilivua viatu, nikaingia, nikasimama mbele yake. Nikamwambia jina langu kamili, na jina la baba yangu, na kijiji nilichotoka, kisha nikamwambia nimemharibia mpunga wake na namtaka radhi.

"Mungu kajaalia, Kapteni," akasema. "Una mkono mmoja, nishikie kikapu."

Tulipopumzika nilimpa bahasha, nikamwambia imetoka wapi. Alifuta mikono kwenye kanga, akaifungua, akahesabu vipande. Mwanamke huzikwa kwa vipande vitano, mwanamume vitatu. Alihesabu tena.

"Vitatu," akasema. "Kanipa yake yeye mwenyewe."

Mtu aliyemwona yule mwanamke akikata sanda yake jana yake hakuona chozi. Aliyemwona akitazama mpunga wake ulioungua hakuona chozi. Pale ukingoni, na vile vipande vitatu mapajani, alilia mpaka kinamama wengine wakaacha kupalilia, wakaja kukaa naye.

Vipande viwili vilivyobaki nikavitafuta mimi. Sikuwa na bahati ya Makka mwaka ule, lakini nilipojaaliwa niliviosha Zamzam kwa mikono yangu, nikavianika juu ya paa la hoteli, nikavilinda kama mtu anayelinda mpunga na ndege. Nikampelekea. Akavikunja pamoja na vile vitatu.

Niliruka miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipopita juu ya lile bonde nilijua ni mwezi gani kwa kutazama jaluba la Bi Time, kama limelimwa, limepandwa au limevunwa. Mzee Khamis alitangulia. Sanda yake ilinunuliwa dukani siku ile ile aliyokufa, kama alivyosema itapatikana, na Seif ndiye aliyeinunua.

Bi Time alifariki mwaka juzi, msimu wa karafuu. Nilipigiwa simu niko Chake, nikafika mapema. Seif alikuwa amekwisha fika kutoka Vitongoji. Tulikaa na wanaume wengine kwenye kile kiwanja, tunangoja kinamama wamalize ndani, na udi unatoka dirishani. Mize akaja mlangoni, macho yamemvimba, akaniita.

"Kapteni," akasema, "vyote vitano vimemtosha."

Seif alisikia. Tukainuka, tukaenda kubeba.